Kwetu hatufanyi hivi: kwa nini nchi inakubali kupata hasara kwa ajili ya jina lake

Kila ukianzishwa mjadala wa siasa za nje kijiweni lazima atokee mtu mmoja aseme "nchi haina rafiki wa kudumu, ina maslahi tu," halafu wote wanatikisa kichwa na mjadala unakuwa umeisha hapo. Mimi sina ugomvi mkubwa na hiyo sentensi, ina ukweli wake. Kinachonisumbua ni kwamba tunaitumia kama vile imejibu swali wakati ndo kwanza imelianzisha. Maslahi gani hayo? Nani alikaa akaamua hili ni maslahi yetu na lile sio? Kwa sababu nchi mbili zinaweza kuwa jirani, maskini sawa, adui mmoja, bandari ni tatizo kwa zote, halafu moja inachagua kushoto nyingine kulia, na zote mbili zinasema zimefuata maslahi.

Chukua Desemba 1965. Tanganyika ina miaka minne tu tangu uhuru, Muungano na Zanzibar haujafikisha hata miaka miwili, wataalamu kibao serikalini bado ni Waingereza, katani na pamba na kahawa yetu inauzwa hukohuko Ulaya. Novemba 11 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, ndo Zimbabwe ya leo, wamejitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika ambao ndio wengi wasije kutawala. Mwenye koloni ni Uingereza, na Uingereza inasema itaweka vikwazo ila jeshi haitapeleka. Mawaziri wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana Addis Ababa wakakubaliana kwamba kama mpaka Desemba 15 Uingereza haijauzima ule uasi, nchi wanachama zitavunja nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ikafika, uasi uko palepale. OAU ilikuwa na wanachama zaidi ya 30, waliotekeleza walichokubaliana ukiwahesabu vidole vya mikono miwili vinatosha. Tanzania ilikuwa mmoja wao, na ikumbukwe ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Madola, yaani inavunja uhusiano na mkubwa wa chama chake yenyewe. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka London ukagandishwa, na uhusiano haukurudi hadi 1968.

Sasa mwambie mtu wa "maslahi tu" akupigie hesabu hapo. Rhodesia hata mpaka na sisi haina. Smith asingeanguka kwa sababu balozi wetu amefunga virago London, na Nyerere mwenyewe alilijua hilo. Hoja aliyoipeleka bungeni siku moja kabla ilikuwa ya aina nyingine kabisa, alisema kinachoamuliwa ni heshima ya Afrika, kwamba tulikaa Addis tukaazimia, je tulimaanisha au tulikuwa tunapiga kelele tu? Na mwaka huohuo 1965 mapema, Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa imetubana kwa sababu Zanzibar ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Mashariki na baada ya Muungano tukaruhusu hao wa Mashariki wawe na konseli, yaani ubalozi mdogo, Dar es Salaam, Bonn ikakata msaada wa kijeshi kama adhabu. Jibu la Nyerere likawa basi chukueni na msaada wa serikali uliobaki. Nchi ambayo haina hela inarudisha hela! Kuna watu hadi leo wanaona ule ulikuwa ujeuri wa mtu mmoja. Mimi naona kuna kitu kirefu zaidi ya ujeuri na ndo nataka tukifungue hapa polepole.

Fikiria msiba mtaani. Jirani kafiwa, turubai limefungwa, daftari la michango linapita. Hakuna askari atakayekukamata usipokwenda. Hakuna sheria. Lakini unakwenda, unakaa kwenye jamvi, unatoa chochote, hata kama marehemu mlikuwa hamuongei. Ukimuuliza mtu kwa nini ameenda hatakupigia hesabu ya faida na hasara, atakushangaa tu, "sasa nisiende msibani, mimi mtu gani?" Hapo kuna vitu viwili vimeshikana. Kimoja ni kaida, lile jambo ambalo mtaa mzima unajua ndivyo linavyofanywa na asiyelifanya anaonekana. Cha pili ni utambulisho, ile "mimi mtu gani," au kama wazee wanavyosema nyumbani, kwetu hatufanyi hivi. Kaida inatoka nje kwa majirani, utambulisho unatoka ndani kwako, na mara nyingi huwezi kuvitenganisha kwa sababu mtu anajijua yeye ni mtu wa aina gani kupitia macho ya wanaomtazama.

Wasomi wa uhusiano wa kimataifa kwa muda mrefu walikuwa wanaiangalia dunia kama soko la wababe, kila nchi inahesabu bunduki na hela, basi. Kuanzia miaka ya 1980 mwishoni na 1990 likaja kundi lingine, Alexander Wendt wa Marekani ndo anatajwa zaidi, likasema jamani bunduki peke yake haina maana mpaka ujue iko mikononi mwa nani na wewe unamuonaje huyo mtu. Uingereza ina mabomu mengi ya nyuklia na Marekani inalala usingizi, Korea Kaskazini ikiwa na machache tu Washington hawalali. Silaha ni ileile, kinachotofautiana ni habari ambayo nchi hizo zimejisimulia juu ya nani ndugu na nani adui. Hapo sasa ukirudi kwa mtu wetu wa kijiweni unamwambia sawa, nchi ina maslahi, lakini kabla ya kujua maslahi yako lazima uwe umeshajijua wewe ni nani.

Sisi tulijijuaje? Hili swali linajibika vizuri kabisa kwa Tanzania kwa sababu majibu yaliandikwa na yakaimbishwa. Oktoba 1959, uhuru bado, Nyerere anasimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria anasema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Soma tena hayo maneno, nje ya mipaka yetu. Nchi haijazaliwa, haina hata jeshi, tayari imejipa kazi nje ya mipaka. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge kweli kule kileleni. Halafu kwenye ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wetu, ya kwanza kabisa, kabla ya mambo ya rushwa na cheo, ni kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Watu walikariri hiyo kwenye mikutano vijijini, mtu ambaye hajawahi hata kufika Dodoma anaapa kwamba Afrika ni moja. Tuliosoma shule za msingi tunakumbuka tulivyopangwa barabarani Mwenge ukipita, vumbi, jua kali, bendera za karatasi, mtoto hajui siasa za nje ni nini ila anakua anajua nchi yake ni ile yenye mwenge unaomulika kwa wengine.

Na haikuwa maneno matupu. Machi 1961, miezi kadhaa kabla ya uhuru, Nyerere aliandika kwenye gazeti la London kwamba Tanganyika haitaweza kuingia Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ya makaburu itakuwa humo, mwezi huohuo Afrika Kusini ikajitoa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962. OAU ilipoanzishwa 1963 na kuunda Kamati ya Ukombozi makao makuu yakapelekwa Dar. Ndo ikawa Kongwa, Nachingwea, Bagamoyo, baadaye Mazimbu na Dakawa pale Morogoro, kambi na shule za wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Angola, Zimbabwe. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi hapahapa Dar, Februari 3, 1969.

Lakini mtu anaweza kusema ah, Tanzania ilikuwa na bandari yake, iko mbali na makaburu, ilikuwa rahisi kujifanya shujaa. Sawa. Hoja hiyo ni nzuri na inastahili kujibiwa kwa kuangalia majirani, na hapa ndo pananoga kuliko kote.

Angalia Zambia na Malawi. Zote mbili zimepata uhuru 1964, zote zilikuwa ndani ya lile Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, zote hazina bahari, zote zimebanwa na Wareno na walowezi. Zambia hali yake ilikuwa mbaya zaidi ukitaka ukweli, shaba yake karibu yote ambayo ndo maisha yake ilikuwa inapita kwenye reli ya Rhodesia, makaa ya mawe yalitoka Wankie kwa Smith, umeme ulitoka bwawa la Kariba ambalo mitambo yake ilikuwa upande wa Smith. Ukimpa mhasibu hiyo nchi atakwambia elewana na Smith, huna ujanja. Rais wake Kaunda hakuvunja uhusiano na Uingereza ile 1965, asingeweza, na Nyerere hakumlaumu, lakini angalia alichofanya baada ya hapo: mafuta yakaanza kupita barabarani kwa malori kutoka Dar kwenye barabara iliyokuwa inaua watu, 1968 likakamilika bomba la TAZAMA la kama kilomita 1,700 mpaka Ndola, Benki ya Dunia ikakataa kugharamia reli ikisema haina faida, China ikakubali, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Januari 1973 Smith alifunga mpaka kuitishia Zambia, baada ya wiki chache akaufungua, Kaunda akakataa kuufungua upande wake na ukabaki umefungwa mpaka 1978. Uchumi wa Zambia uliumia vibaya sana kwa hilo, na 1978 ndege za Rhodesia zikapiga kambi karibu kabisa na Lusaka.

Malawi sasa. Kamuzu Banda, huyohuyo aliyefungwa na Waingereza kwa kulipinga Shirikisho, mzalendo huwezi kumnyima hilo, mwaka 1967 akafungua uhusiano kamili wa kibalozi na serikali ya makaburu, nchi pekee ya Afrika huru iliyofanya hivyo wakati ule. Pretoria ikamkopesha hela za kujenga makao makuu mapya Lilongwe. 1970 waziri mkuu John Vorster akatembelea Malawi, 1971 Banda mwenyewe akaenda Afrika Kusini. Hoja yake haikuwa ya kijinga, alisema nchi yangu ni maskini, vijana wangu wanafanya kazi migodini kule, bandari zangu ziko kwa Mreno, nyinyi mnaopiga kelele mtanilisha?

Kwa hiyo una nchi mbili zilizobanwa kona moja. Jiografia haikuamua. Na ushahidi mzuri kuliko wote uko ndani ya Malawi yenyewe, kwa sababu Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru, baraza la mawaziri lilipasuka na moja ya mambo waliyogombania ni hilohilo la Banda kuwa karibu na Wareno. Kanyama Chiume, waziri wa mambo ya nje, akafukuzwa akakimbilia Dar es Salaam. Ramani waliyokuwa wanaitazama Banda na Chiume ni ileile moja, umaskini uleule, reli ileile. Mmoja alijiona kwanza ni Mmalawi mwenye nchi ndogo ya kuilinda, mwingine alijiona ni Mwafrika ambaye vita yake haijaisha. Ugomvi wao haukuwa kuhusu namna ya kupata maslahi, ulikuwa kuhusu "sisi" ni akina nani. Na Banda alishinda ule ugomvi kwa madaraka, ndo maana Malawi ikaenda ilikoenda. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia utambulisho wa taifa wanafikiri ni kitu kimoja kiko kwenye damu ya wananchi tangu enzi za mababu. Hapana bana. Unagombaniwa, kuna anayeshinda na anayekimbilia uhamishoni.

Na kwetu pia tuseme ukweli wote, chama kilikuwa kimoja, redio ni moja, hakuna aliyezunguka Mtwara na Ruvuma kuwauliza wanavijiji wa mpakani kama wako tayari kuishi jirani na vita ya Msumbiji. Walioubeba mzigo wa heshima ya Afrika kwa miili yao walikuwa wao kuliko sisi wa mijini. Mimi najivunia kilichofanyika, najivunia sana, lakini nikijivunia nataka niwakumbuke na hao.

Tukija kwenye kaida sasa, yaani yale makubaliano ya mtaa mzima. Kaida kubwa kuliko zote Afrika ni hii ya mipaka. Julai 1964, Cairo, wakuu wa nchi za OAU walipitisha azimio kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyoikuta siku inapata uhuru, hata kama ilichorwa na wakoloni kwa rula, na Nyerere ndiye alilipeleka mezani. Sababu ni rahisi kuielewa, Wamasai wako nchi mbili, Wamakonde nchi mbili, Wakongo nchi tatu, ukianza kurekebisha utamaliza lini? Somalia ikakataa. Kwa nini ikatae? Angalia bendera yake. Ile nyota ina pembe tano, mbili ni zile sehemu zilizoungana 1960, iliyokuwa ya Mwitaliano na iliyokuwa ya Mwingereza, tatu ni Wasomali waliobaki nje: Djibouti, Ogaden ya Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Kenya. Utambulisho wa ile nchi ulishonwa kwenye kitambaa kwamba haijakamilika. Ukiwa na bendera ya namna hiyo siasa yako ya nje imeshaandikwa nusu, ndo ikaja vita ya Shifta na Kenya miaka ya 1960 na vita ya Ogaden 1977 mpaka 1978, na ile ya Ogaden Somalia iliingia ikijua kaida ya bara zima iko upande wa Ethiopia. Hasara waliyoipata hawajapona mpaka leo. Kwa hiyo asije mtu akafikiri nasema utambulisho ni kitu kizuri siku zote, unaweza kukupa mwenge na unaweza kukupeleka shimoni.

Upande wa pili Kenya na Ethiopia walikuwa na mkataba wa ulinzi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mfalme alipopinduliwa 1974 wakaja wanajeshi wa Kikomunisti wanaosaidiwa na Moscow, Kenya ikiwa rafiki wa nchi za Magharibi, mkataba haukufa. Hapo nakubali, hofu ya pamoja ilikuwa na nguvu kuliko itikadi, mtu wa maslahi apewe haki yake.

Lakini kaida nazo hugongana zenyewe kwa zenyewe na ndipo unapoona nchi imetengenezwa na nini. Aprili 13, 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Nyerere! Yule aliyelipeleka azimio la mipaka Cairo miaka minne nyuma, leo anaitambua sehemu iliyojitenga na Nigeria. Wengi wakasema huyu amejipinga mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na baada ya Waigbo kuchinjwa kwa maelfu 1966 huwezi kuwaambia warudi kwenye nyumba ambayo hawako salama. Gabon, Kodivaa na Zambia zikafuata mwezi wa tano, Biafra ikasalimu amri Januari 1970, na Lagos ilitukasirikia kwelikweli. Sijui kama alikuwa sahihi, nimelifikiria hili mara nyingi na kila mara natoka na jibu tofauti. Ila naona wazi mtu aliyekwama kati ya "mipaka haiguswi" na "binadamu wote ni ndugu zangu," na akachagua ile aliyoapa kwanza.

Kitu hichohicho kilijirudia na Idi Amin. Alipovamia Kagera 1978 hakuna aliyebisha kwamba tuna haki ya kumtoa, uwezo, sababu na nia, kila Mtanzania anaijua ile hotuba. Tatizo lilianza tulipovuka mpaka na kufika Kampala Aprili 1979. Kwenye mkutano wa OAU Monrovia Julai mwaka huo Sudan na Nigeria zilitusema hadharani kwamba tumevunja mwiko wa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Na kisheria walikuwa na hoja, katiba ya OAU ya 1963 ilisema hivyo. Lakini kaida zinazeeka jamani. Baada ya Rwanda 1994, ambapo bara zima lilikaa likitazama, mwaka 2000 sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika iliandikwa kinyume, ibara ya 4 inaupa Umoja haki ya kuingilia kati pakiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Kilichokuwa aibu 1979 kikawa haki iliyoandikwa, na Machi 2008 askari wetu walipokwenda kisiwa cha Anjouan kuisaidia serikali ya Comoro walikwenda na baraka za Umoja wa Afrika, wakati huo Nyerere ameshafariki zaidi ya miaka minane. Anayesema yote yale yalikuwa ya mtu mmoja na alikufa nayo, aniambie hiyo ya Anjouan tuiweke wapi.

Kuna swali napenda kuulizwa: mbona nchi zinavunja hizo kaida kila siku, si ni unafiki mtupu? Chukua Kenya. Baada ya vita ya Waarabu na Israeli ya Oktoba 1973 karibu Afrika nzima ilivunja uhusiano na Israeli, sisi tukiwemo japo Israeli ndo ilitusaidia mwanzoni kwenye JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na Kenya nayo ikavunja Novemba. Halafu Julai 1976 ndege za Israeli zikitoka kuokoa mateka Entebbe zilitua Nairobi kujaza mafuta. Unafiki? Sawa, ila jiulize, kama kaida haina nguvu kwa nini Kenya haikurudisha tu ubalozi wazi, kwa nini ikasubiri mpaka 1988? Anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha anakuonyesha kwamba mfungo upo. Asiyejificha kabisa ndo anakwambia umekwisha.

Ile ya mipaka haijaisha mpaka sasa. Februari 21, 2022, usiku ambao Urusi imeyatambua majimbo mawili ya Ukraine kuwa nchi huru, balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa Martin Kimani alizungumza Baraza la Usalama, akasema mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon bila sisi kuulizwa, na ng'ambo ya kila mpaka kuna ndugu zetu, lakini tuliamua kuikubali ilivyo badala ya kutafuta damu. Dunia nzima ilishangaa ile hotuba kama kitu kipya, kumbe ni Cairo 1964 ikisemwa kwa sauti ya nchi iliyopigana na Shifta. Machi 2 ikapigwa kura Baraza Kuu, 141 wakailaani Urusi, 5 wakapinga, 35 hawakuelemea popote. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa wakawa kwenye 141. Tanzania, Uganda na Burundi kwenye 35.

Hapo nimewaza sana kuhusu sisi. Kwa kaida ya mipaka tulitakiwa kuwa mstari wa mbele, sisi ndio tuliileta mezani. Lakini utambulisho wetu una chumba kingine, kutofungamana na upande wowote, na kumbukumbu kwamba silaha zilizoikomboa kusini ya Afrika nyingi zilitoka Moscow na Beijing wakati ndege za Mreno zilikuwa za washirika wake wa NATO. Mzee aliyekuwepo Nachingwea hawezi kuitazama Urusi kwa macho ya mtu wa Warsaw, na mtu wa Warsaw naye ana haki ya kumshangaa. Mimi ningepiga ile kura tofauti, nasema wazi, lakini naelewa ilikotoka.

Na siku hizi kuna mabadiliko ambayo lazima tuyatazame. Sera yetu ya nje ya 2001 iliweka diplomasia ya uchumi mbele. Sahara Magharibi, ambayo Morocco inadai ni yake, tuliitambua 1978, mwaka uleule wa Amin, na 2016 mfalme wa Morocco akaja Dar akapokelewa kwa heshima zote, mikataba ikasainiwa, msikiti mkubwa ukajengwa Kinondoni. Ubalozi Tel Aviv ulifunguliwa 2018. Sisemi ni usaliti, nchi ina watu wa kulisha na vijana wanataka ajira, na hata "nchi inayofanya biashara na kila mtu" ni utambulisho pia. Ila tujue tu kwamba nao umechaguliwa na watu, kama ule wa mwenge ulivyochaguliwa.

Agosti 2019 wakuu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam wakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Ukumbi ulikuwa na watu ambao vyama vyao vililelewa hapa, waliojifunzia Kiswahili Kongwa, Nachingwea na Tunduru wakiwa vijana na bunduki begani. Walipiga makofi na najua yalitoka moyoni. Wiki mbili baadaye, Septemba, maduka ya Waafrika wageni yalikuwa yanachomwa Johannesburg, na niliona Watanzania wengi wakiuliza kwa uchungu, hawa hawajui tuliwafanyia nini? Kamati ya Ukombozi ilifungwa 1994, mwaka uleule Mandela alipoingia ikulu. Mtoto aliyezaliwa kitongojini mwaka ule alikuwa na miaka 25 siku ile anashika kiberiti, na nikajaribu kufikiria ni nani, nyumbani au shuleni, angekuwa amemsimulia kuhusu Mazimbu.